Mdogo Wangu Mrefu

Kitu cha kwanza ninachokikumbuka maishani ni chai. Si kuinywa, bali kuitazama ikipoa. Nimeketi sakafuni kwenye korido ya ghorofa ya nne, mtaa wa Kware, mgongo umeegemea ukuta uliokuwa baridi hata mchana, na mbele yangu kuna kikombe cha bati chenye turungi, ile chai isiyo na maziwa, na kipande cha mkate mweupe kimelowa na kuvimba ndani yake. Juu, kati ya ploti yetu, jengo la vyumba vya kupanga, na ile iliyotazamana nayo, kuna ukanda mwembamba wa mbingu, na nguo zimeanikwa toka upande huu hadi ule. Ndege zinazotua zilipita hapo zikiwa chini sana. Kila moja ilipopita, kivuli chake kiliteleza juu ya mashuka, na chai ikatetemeka kidogo kikombeni. Nilidhani ni ndege hizo zilizokuwa zikiichukulia joto lake.

Mama alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha vyombo vya plastiki. Alitoka kabla jua halijachomoza, na kwa miaka yangu ya mwanzo namkumbuka zaidi kama harufu: sabuni ya kufulia, na ile harufu kali ya plastiki iliyoyeyushwa, ambayo haikumtoka nywelani hata akiziosha kwa ajili ya kanisa. Baba alikuwa mtu wa mjengo, kibarua wa kujenga nyumba. Kazi ikimpeleka mbali alilala huko huko, na akirudi alileta vumbi la saruji na kicheko kikubwa, kisha akaondoka tena. Basi mchana wangu wote ulikuwa mikononi mwa shosho, bibi mzee wa chumba cha mwisho.

Tulimwita shosho sote, ingawa hakuwa na ukoo na yeyote kati yetu. Alikuwa ametoka upande wa Murang'a zamani, na akina mama waliokwenda kazini walimwachia watoto wao. Alitupenda. Hilo nalisema mapema, kwa sababu ya yale yanayofuata. Alitupikia uji wa unga wa mahindi, akautia maji mengi ili ututoshe, na kwake mapenzi yalikuwa sukari. Aliyelia aliongezewa sukari. Aliyeanguka ngazini alifutwa damu, kisha akaongezewa sukari. Mchana tulipewa chai na mandazi, halafu tukalazwa kwenye mkeka mmoja, na usingizi wa chumba kile ulikuwa mzito na mtamu kama uji wenyewe.

Jioni Mama alisonga ugali. Mboga ilikuwa sukuma wiki, na mimi nilipewa mchuzi wake, yale maji ya kijani yenye matone ya mafuta yanayoelea, kwa kuwa iliaminika kwamba majani yenyewe yangenikaba. Nyama ikipatikana, nilipewa mchuzi. Samaki akipatikana, mchuzi. Nikiufikiria utoto wangu sasa, nauona kama kitu kinachoelea juu ya mchuzi, karibu na sahani lakini si ndani yake.

Sikuwahi kulala njaa. Hilo ndilo jambo ambalo watu huona gumu kuliamini. Nilishiba kila siku, na mashavu yangu yalikuwa ya mviringo kiasi kwamba wapangaji walikuwa wakinifinya wakipanda ngazi. Tumbo liliniendesha mara kwa mara, hasa miezi ya mvua, maji ya mtungini yalipokuwa na rangi ya turungi, lakini watoto wote wa ploti ile waliharisha na hakuna aliyelipa jambo hilo uzito. Zaidi ya yote nilisifiwa kwa upole. Niliweza kukaa mahali nilipowekwa hadi nilipokuja kuchukuliwa. "Huyu hasumbui," shosho alimwambia Mama kila jioni akinikabidhi. "Ni kama hayupo." Na Mama, aliyekuwa amesimama kwenye mashine tangu alfajiri, alimshukuru Mungu kwa kumpa mtoto wa namna hiyo.

Halafu mdogo wangu akazaliwa, na wakati huo huo kiwanda kikawapunguza wanawake wengi, Mama akiwa mmoja wao.

Nyumbani kulikuwa na huzuni ambayo sikuielewa. Nakumbuka tu kwamba Mama alikuwepo mchana, na hilo lilikuwa ajabu, kama kuuona mwezi saa sita mchana. Baada ya muda alitandika gunia mlangoni mwa ploti, akaweka beseni, akaanza kuuza omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Baadaye aliongeza maharagwe yaliyochemshwa, na ndengu. Kando yake alikaa mwanamke mmoja aliyeuza mayai ya kuchemsha na kachumbari, na jioni wawili hao walibadilishana kilichobaki, hivyo mayai yakaja kwetu na maharagwe yakaenda kwake.

Mdogo wangu alikulia pale, juu ya gunia. Alinyonya Mama akipima omena kwa kikombe. Alipoanza kukaa mwenyewe aliingiza mkono kwenye sufuria ya maharagwe, akayasaga kwa fizi, nusu akayapaka usoni. Alipoota meno alichota omena za kukaangwa kama mtu anayekula njugu, akizitafuna na vichwa vyake. Wateja walicheka. "Huyu atakumalizia mtaji, mama," walisema, na Mama akampiga kofi dogo la mkononi lisilo na nguvu, kisha mtoto akachota tena.

Mimi nami nilikula vyote hivyo, na najua vilinibadilisha. Kuna siku moja niliyoiweka moyoni, sijui kwa nini: niko ngazini, jua limepenya kati ya ploti mbili na kuchora mraba ukutani, na kwa mara ya kwanza nataka kukimbia. Si kwamba naitwa au nafukuzwa. Miguu tu inataka. Nilipanda hadi juu ya paa, ambapo mashuka yalikuwa yamejaa upepo, nikakimbia katikati yao hadi nikaanguka nikicheka. Shosho alipopata habari alishangaa, akauliza kama nimeumwa na kitu.

Lakini wakati huo nilikuwa nimeshapita umri wa miaka minne. Nguvu zilikuja. Kimo hakikuja.

Mdogo wangu alinifikia taratibu, kama maji yanavyopanda mtungini, huoni yanavyosogea ila ukigeuka yamefika. Kwanza alivaa nguo nilizoziacha, kama kawaida ya dunia. Kisha tukavaa saizi moja, watu wakatudhania pacha. Kisha siku moja Mama alimvua gauni lililombana, akaligeuza mkononi, akanitazama, na bila kusema neno akanivisha mimi. Lilinitosha vizuri. Lilikuwa na harufu yake.

Maelezo hayakukosekana. Shangazi yangu, dada yake baba, alisema nimemfuata bibi mmoja wa kwao aliyekuwa mfupi sana na aliyeishi miaka mingi, kwa hivyo nifurahi. Mwanamke wa mayai alisema wazi kwamba nimerukwa. Nilipokuwa nimelala kwenye mkeka wa shosho, mtoto fulani alipita juu yangu, na mtoto akirukwa hakui mpaka aliyemruka arudi alikotoka kwa kuruka tena. Hakuna aliyejua ni nani, na wengi wa watoto wale walikuwa wameshahama mtaa. Mama hakuwa mtu wa mambo hayo, lakini jioni moja alinilaza sakafuni, akamwambia mdogo wangu aniruke. "Ruka huku. Sasa rudi kule. Tena." Mdogo wangu aliruka kwa furaha, nywele zikipaa, miguu yake mirefu ikipita juu ya uso wangu na taa nyuma yake. Nilifumba macho nikingoja kujisikia nikinyooka. Kwa muda mfupi niliamini kabisa kwamba vidole vyangu vya miguu vilikuwa vikisogea mbali nami, vikielekea mlangoni.

Siku aliyoanza shule nilipewa kazi ya kumpeleka. Nilimshika mkono tangu nyumbani, nikamwonyesha pa kuruka mtaro na pa kungojea magari. Langoni kulikuwa na mwalimu asiyenijua, aliyekuwa akipokea wageni. Alituangalia, akauchukua mkono wangu, akautia ndani ya mkono wa mdogo wangu, akaufunga kwa vidole vyake. "Mshike mdogo wako vizuri," alimwambia. "Usimwache apotee."

Mdogo wangu aligeuka kunitazama. "Nimwambie?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Wacha tu," nikasema.

Tukavuka uwanja hivyo, yeye akiniongoza kwenda mahali ambapo mimi nilipajua na yeye hakupajua. Tangu siku hiyo, mbele za watu, alinishika yeye. Hakuwahi kunicheka kwa hilo, hata tulipogombana, na ndiyo sababu nampenda kuliko mtu yeyote.

Miaka ilipita, laini na isiyo na kelele. Nilijifunza kushona shanga kwenye ngozi, nikapata kibanda katika soko la Kariokor ambako nashona viatu vya wanawake, na nina kibao cha kupandia ninapotaka ngozi za rafu ya juu. Wateja wapya huniita "mtoi", yaani mtoto, mpaka niinue uso. Niliolewa na mkata soli wa kibanda cha tatu, mtu mpole mwenye mikono yenye harufu ya tairi. Tulipanga chumba hapo hapo Kware, si mbali na Mama. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Mdogo wangu alipata kazi ya kupokea wageni kwenye ofisi moja kule mtaa wa Fedha, akawa akipita barabarani akitazama juu ya vichwa vya watu.

Nilipopata mimba, yeye ndiye aliyenisindikiza kliniki. Nesi alinisimamisha kwenye kipimo cha ukutani, akashusha kile kibao hadi kichwani, akaandika namba. Kisha akamtazama mdogo wangu aliyeegemea mlango.

"Huyu ni dada yako mkubwa?" aliniuliza.

"Ni mdogo wangu."

Aliweka kalamu chini. "Baba mmoja, mama mmoja?"

"Ndiyo."

"Na mlilishwa sawa?"

Mdogo wangu alicheka. "Mimi nililelewa ndani ya beseni la omena," alisema. "Huyu alilelewa na chai."

Alisema kwa mzaha, lakini nesi hakucheka. Alituambia tukae. Alikuwa mwanamke wa makamo, sauti yake ya chini, na alizungumza bila haraka ingawa foleni ilikuwa imejaa kwenye benchi nje. Alisema mtoto huanza kurefushwa akiwa bado tumboni, na miaka miwili ya kwanza baada ya kuzaliwa ndipo mwili huwa kama fundi anayeinua kuta. Ukimletea maji matupu atakoroga maji.

"Uji mwepesi unajaza tumbo," alisema, "lakini hauna cha kujengea mfupa. Sukari inampa mtoto mashavu. Chai inazuia hata yale madini kidogo ya chuma yaliyo kwenye chakula yasiingie mwilini. Akiharisha mara kwa mara, kidogo alichopata kinatoka. Ukimtazama ni mzima, hana ugonjwa. Ni mfupi tu, na mpole. Watu wanamsifu kwa upole."

Nilihisi chumba kikienda mbali kidogo, kama sauti za mtu unazozisikia ukiwa chini ya maji. Nilikuwa tena kwenye korido, mgongo ukutani.

"Shangazi yangu alisema ni urithi," nikasema.

"Urithi upo. Lakini nyinyi wawili mmerithi kwa watu walewale."

"Na mtoto akishapita umri huo?" mdogo wangu aliuliza. Hakuwa akicheka tena.

"Akila vizuri atapata nguvu, atasoma, ataishi maisha yake. Lakini kimo kilichopotea hapo mwanzo, mara nyingi hakirudi chote." Kisha akanigeukia. "Hilo limekwisha. Huyu wa tumboni hajaanza. Tuanze na yeye." Akaniambia pia kwamba kwa kimo changu nyonga zangu huenda zikawa nyembamba, na nijiandae kwamba nitajifungua kwa upasuaji. Ndivyo ilivyokuwa baadaye.

Sikutaka kumwambia Mama. Ni mdogo wangu aliyeropoka, jioni hiyo hiyo, tukimsaidia kuchagua maharagwe. Alieleza kama mtu anayesimulia habari ya kushangaza iliyowapata watu wengine, na katikati akatambua anachosema, akapunguza sauti hadi ikaisha. Mama aliendelea kuchagua. Aliondoa jiwe, akaliweka kando. Aliondoa lingine.

"Kwa hivyo," alisema mwishowe, "nilipokuwa na kazi ndipo nilipomkosesha huyu. Na nilipofutwa ndipo nikamlisha huyu mwingine."

"Mathe, wachana na hiyo," mdogo wangu alisema.

"Nililia sana walipotufuta. Nilidhani watoto wangu wataangamia."

"Hukujua, Mama," nikasema. "Hakuna aliyekuambia. Hata shosho hakuambiwa."

"Shosho alikupenda wewe kuliko wote."

"Najua."

Alinyoosha mkono akanishika kisigino, sijui kwa nini kisigino, labda kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Akakishika kama mtu anayepima uzito wa kitu sokoni. Tulikaa hivyo, maharagwe mapajani, na kutoka vyumba vya chini harufu za vyakula vya watu zilipanda ngazini moja baada ya nyingine, vitunguu, samaki wa kukaangwa, chapati, kila moja ikipita mlangoni petu kama mgeni anayetafuta namba ya chumba. Mama hakulia. Alisema tu, "Basi wewe kula," akanyanyuka kunikaangia mayai.

Tangu hapo sikupumua. Alikuja kila siku na kitu kwenye bakuli lililofunikwa: managu, ile mboga ya mnavu, yaliyolala kwenye maziwa kama wanavyopika kwao Kakamega, maini, kunde, avokado iliyoiva sawasawa. Mume wangu alinenepa kwa masazo. Na binti yangu alipozaliwa, vita viligeuka, kwa sababu nesi alisema miezi sita ya mwanzo ni maziwa ya mama tu, hata maji asipewe, na Mama alikuwa tayari na omena zilizokaushwa na kusagwa zikawa unga, amezifunga kwenye chupa. Aliiweka chupa ile dirishani akaitazama miezi yote hiyo.

"Akilia ni njaa," alisema.

"Akilia nitamnyonyesha."

"Maji ya sukari kidogo tu, ya kulainisha koo."

"Mama."

Aliitazama ile chupa. Kisha akaanza kucheka, kwanza kwa kujizuia, halafu mabega yote yakacheka, mpaka na mimi nikashindwa.

Mlo wa kwanza wa binti yangu tuliuhudhuria sote kama ubatizo. Uji mzito wa wimbi uliotiwa maziwa, na ncha ya kijiko ya ule unga wa omena. Aliuonja, akakunja uso, akauonja tena. Mdogo wangu alikuwa amepiga magoti mbele yake, na hata hivyo ilibidi ainame. Siku zilizofuata zilikuja na kiini cha yai kilichopondwa, ndengu, boga, mboga zenyewe na si mchuzi wake. Maji tuliyachemsha yote. Nilipoanza tena kwenda kibandani, mtoto alibaki na Mama, na nilipotoka niliacha chakula kimeshapikwa, ingawa nilijua Mama angepika kingine.

Kliniki walimpima akiwa amelala kwenye ubao mrefu, kichwa upande mmoja, na kibao kinachoteleza hadi nyayoni. Alichukia. Alipiga mateke, ikabidi mdogo wangu amshike magoti. Kila mara nilifumba macho kama nilivyofumba nikirukwa, na kila mara nesi alisema, "Anaenda vizuri," kwa sauti ile ile ya chini, kama anayezungumza juu ya mvua.

Alipofikisha miaka miwili alipimwa akiwa amesimama kwa mara ya kwanza. Tulikwenda sote wanne, Mama akiwa amevaa kitambaa chake cha kanisani. Binti yangu aliegemea ukuta, akatutazama kwa dharau, akatulia. Kibao kikashuka. "Huyu hana shida," nesi alisema. "Yuko pale anapotakiwa." Mdogo wangu alimnyakua akamrusha juu. Mimi nilikaa kwenye benchi.

Ndipo Mama akavua viatu vyake.

"Na mimi nipime," alimwambia nesi. "Sijawahi kupimwa."

Nesi alitabasamu, akamsogezea nafasi. Mama alisimama wima mno, kidevu juu, visigino vimegusa ukuta, mikono imeshikana mbele kama mtoto wa shule. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama kwa namna hiyo. Nilikuwa nimezoea kumwona mkubwa, kwa sababu mimi humtazama kutoka chini. Sasa, karibu na mdogo wangu, niliona kwamba naye si mrefu hata kidogo.

Nesi alimsomea. Mama aliirudia namba ile mara mbili, taratibu.

"Ningezidi hapo?" aliuliza. "Kama ningelishwa?"

"Huenda, mama. Ulilishwa nini ukiwa mdogo?"

Mama alifikiri. Macho yake yalikwenda mahali ambapo hatukuweza kumfuata, kwenye nyumba ambayo sijawahi kuiona, kwa watu waliokwisha kufa kabla sijazaliwa.

"Muhogo," alisema. "Nakumbuka muhogo. Nakumbuka tukingoja mahindi yaive." Akavaa viatu vyake, akavuta kitambaa kikae sawa, kisha akagusa bega lake. "Mama yangu alikuwa mfupi, alinifikia hapa. Sote tulidhani ndivyo alivyoumbwa."

Tulirudi kwa miguu. Jua lilikuwa la saa kumi, la rangi ya asali, na vumbi la barabara lilining'inia ndani yake bila kushuka. Binti yangu alikataa kubebwa. Alitembea mbele yetu kwa hatua zake za kuyumbayumba, akisimama kila penye kibanda kutazama kilichopangwa, na wauzaji walimsalimia, "Sasa, mtoi," naye hakuwajibu. Mama alinunua ndizi, akazitia kwenye mfuko wake, akamwambia mdogo wangu apunguze mwendo, si watu wote wana miguu kama yake.